Maneno Ambayo Redio Haikuyasema

Kabla ya vita, kazi ya Onyekwere ilikuwa kuwatangazia watu wa Umuoshi mambo ambayo wengi wao walikuwa wameshayasikia. Kwamba Jumamosi kila nyumba itoe mtu wa kufyeka njia ya kijitoni. Kwamba mbuzi wa mjane amepotea, na aliyemla ajitokeze mwenyewe kabla hajatajwa. Kwamba mazishi ya fulani yameahirishwa kwa sababu wakwe hawajafika. Alizunguka kijiji alfajiri, akigonga ogene, ile kengele ya chuma isiyo na ulimi, kwa kijiti kigumu, na kila alipofika njia panda alisimama, akakohoa, akasema. Watu walimsikiliza huku wakipiga mswaki. Kikohozi chake kilijulikana kuliko sura yake. Watoto walikiiga shuleni mpaka wakachapwa.

Ogene aliirithi kwa baba yake mkubwa, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Pamoja na chuma chenyewe alirithi sharti moja. "Ukiwa umeishika, mdomo si wako," mzee alimwambia. "Ni wa aliyekutuma. Ukitaka kusema la kwako, iweke chini kwanza, kinywa kikiangalia ardhi, watu wakuone mikono mitupu. Hapo sema unachotaka." Katika miaka kumi na tisa Onyekwere alikuwa ameiweka chini mara mbili. Mara ya kwanza ni alipozaliwa binti yake Ugoeze, baada ya mkewe Ihuoma kuzika watoto watatu. Mara ya pili mtu alikuwa amemng'olea muhogo wake usiku, na maneno aliyoyasema siku hiyo Ihuoma alimkataza kuyarudia mbele ya wageni.

Biafra ilipojitenga na Nigeria ikawa nchi, na vita vikaanza, kazi ilibadilika. Redio ilikuwa moja tu Umuoshi, ya Mwalimu Ekeocha, na betri zake zilikuwa za kubembelezwa. Mwalimu alizianika juu ya bati kama mtu anavyoanika dagaa, akazigeuza mchana, jioni akazirudisha ndani zimepata joto, na redio ikaongea robo saa. Robo saa hiyo ilikuwa ya Mtukufu, mkuu wa nchi. Hotuba zilikuwa za Kiingereza, nacho Onyekwere hakukijua. Alikaa kwenye kibao karibu na redio, akaisikiliza sauti yenyewe, kisha Mwalimu akamweleza maneno, naye akayarudia mara tatu mpaka yakakaa. Asubuhi aliyapeleka.

"Umekuwa waziri sasa," Ihuoma alimwambia. "Waziri wa Kelele. Ila sijaona gari wala mshahara."

"Gari linakuja."

"Likija, nitalala humo. Kitanda chako kinaniua mgongo."

Watu wa Umuoshi waliijua sauti ya Mtukufu kuliko uso wake. Uso waliuona katika picha moja iliyobandikwa mlangoni mwa shule, ikafifia kwa mvua. Sauti haikufifia. Ilikuwa ya polepole, ya mtu asiye na haraka. Enugu, mji mkuu, ilipoanguka, asubuhi yake sauti ilikuwepo, ikasema serikali imehamia kwingine. Port Harcourt ilipoanguka, sauti ilikuwepo. Chumvi iliadimika hadi wanawake wakawa wanailamba kwa ncha ya kidole, vijana walikamatwa njiani wakapelekwa jeshini bila kuaga, lakini ile sauti ilikuwepo, na kwa kuwa ilikuwepo, watu walihesabu kwamba nchi nayo ipo. Hata Osuagwu, mgema, ambaye alimdhihaki kila mtu, hakumdhihaki Mtukufu.

Osuagwu alikuwa rafiki wa Onyekwere tangu utoto. Alipanda michikichi mirefu kwa kamba yake kiunoni na kuzungumza na watu akiwa juu, kwa hiyo mazungumzo naye yalikuwa ya kupaza sauti, na kijiji kizima kilishiriki. Mdogo wake ndiye aliyemwoa Ugoeze.

Septemba ya mwaka wa pili wa vita, Aba ilianguka, na mizinga ikaanza kusikika upande wa Owerri. Watu walianza kufunga mizigo. Jioni hiyo Mtukufu alihutubia. Mwalimu alieleza kwamba Mtukufu anasema jeshi limesimama imara na wananchi watulie. Basi. Hakusema zaidi.

Alfajiri Onyekwere alitoka na ogene. Njia panda ya kwanza hapakuwa na mtu. Ya pili alimkuta bibi mmoja na kuku ndani ya kapu. Nyumba ya mwalimu wa dini ilikuwa imefungwa kwa kamba. Alipofika kwa Osuagwu alikuta baiskeli imepakiwa mikeka na sufuria, na watoto wake wawili, Amadi na dada yake Nwanyieke, wamekalishwa juu ya mzigo.

Alikohoa, akasema aliyotumwa. Osuagwu alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukaza kamba.

Kuna jambo lilimpata Onyekwere pale. Baadaye alijaribu mara nyingi kulieleza moyoni mwake na hakuweza kulieleza vizuri. Aliona kijiji kinamwagika mbele yake kama maji, na yeye amebaki na chuma mkononi, hana wa kumwambia kitu. Akagonga ogene tena, mara mbili, akasema, "Mtukufu anasema asiondoke mtu."

Osuagwu aliiacha kamba. "Kasema hivyo?"

"Asiondoke mtu yeyote."

"Basi mimi ni nani." Akawashusha watoto. "Shukeni. Mwendesha nchi kasema tukae, mwendesha baiskeli atabisha nini?" Majirani waliokuwa na mizigo nyuma yake walicheka, wakarudi kufungua milango.

Siku ya tatu makombora matatu yaliangukia kijitoni wakati watu wanateka maji. Watu wanne walikufa. Wawili walikuwa Amadi na Nwanyieke.

Baada ya mazishi, Mwalimu alimwita Onyekwere pembeni ya darasa. Hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya hotuba za wengine.

"Yale ya mwisho," alisema, "mimi sikuyasikia redioni."

"Nami sikuyasikia," Onyekwere alisema.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakulitaja tena jambo hilo, na hilo lilimwelemea Onyekwere kuliko kama angelitaja kila siku.

Lakini lililomtesa zaidi ni kwamba Osuagwu hakumlaumu mtu. Alikaa miezi bila kupanda mti, kisha akarudi kupanda. Siku moja wakinywa tembo, mtu wa kijiji jirani alisema Mtukufu amewaua watu kwa maneno. Osuagwu aliweka kibuyu chini. "Aliye kule Umuahia na serikali yake atajuaje bomu litaangukia wapi?" alisema. "Alisema tusiondoke, na yeye mwenyewe hajaondoka. Angekuwa ametuambia tukae halafu akakimbia, hapo ningekuwa na la kusema. Hajakimbia. Inanitosha." Onyekwere aliitazama miguu yake. Hakumaliza tembo lake.

Mwaka mwingine ulipita. Januari, upepo mkavu ukiwa umeleta vumbi lake, Owerri, iliyokuwa imetekwa na kukombolewa, ilianguka mara ya pili. Safari hii watu hawakusubiri mbiu. Walihamia msituni ng'ambo ya kijito, na Osuagwu ndiye aliyewaongoza, kwa sababu aliujua msitu na angeweza kuitazama barabara kutoka kileleni mwa mti. Ugoeze alikwenda nao. Mumewe alikuwa jeshini, hajulikani yuko wapi, kwa hiyo yeye na mtoto wake Nkem walikuwa chini ya shemeji yake Osuagwu.

Waliobaki kijijini walikuwa wachache. Mwalimu alibaki kwa sababu ya mguu wake mbovu, Ihuoma kwa sababu alikataa. "Nilale chini ya majani na visigino hivi? Nyoka watanicheka." Onyekwere alibaki kwa ajili ya redio. Kila siku alivuka kijito kupeleka habari na kumtazama mjukuu.

Nkem alikuwa na miaka miwili na alikuwa ameacha kulia. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya mahindi makavu, miguu imevimba. Wiki hiyo watoto wawili walikuwa wamezikwa huko msituni. Mwendo wa saa mbili kulikuwa na kituo cha wamisheni kilichokuwa bado na maziwa ya unga na samaki mkavu, lakini kukifikia ilikuwa lazima kutoka msituni na kupita barabarani, na Osuagwu alikuwa ameweka sharti kwamba hatoki mtu mpaka Mtukufu aseme.

Jumapili asubuhi redio iliwashwa, na ile sauti ikaja. Onyekwere alikaa kwenye kibao chake. Sauti ilikuwa ileile, haina haraka, lakini Mwalimu aliacha kuandika katikati, akabaki na kalamu hewani. Ilipokwisha, muziki wa jeshi ulifuata.

"Kasemaje?"

"Anaondoka," Mwalimu alisema.

"Anahamia wapi safari hii?"

"Hahami, Onyekwere. Anatoka nje ya nchi. Anasema anakwenda kutafuta amani. Amemwachia msaidizi wake."

Ihuoma alikuwa mlangoni na ungo wa majani ya muhogo. "Akishaipata atatuletea, au tumfuate?"

Mwalimu alipunguza sauti ya muziki. "Nadhani ameshaondoka," alisema. "Ile tuliyosikia ni sauti iliyoachwa nyuma. Ni kama barua. Vita vimekwisha, au vitakwisha kesho. Na ndege za msaada hazitakuja tena. Maziwa yaliyoko kwa wamisheni ndiyo hayohayo. Na askari watakaowakuta watu msituni watawadhania wapiganaji."

"Na watakaowakuta nyumbani?"

"Sijui. Ningekuwa na mtoto, ningekuwa nyumbani."

Onyekwere alichukua ogene ukutani.

"Uwarudishe," Ihuoma alimwambia. "Usije bila Nkem. Sema chochote."

"Siwezi kusema chochote."

"Mbona zamani uliweza?" Ihuoma alisema, na kwa jinsi alivyosema, Onyekwere alijua kwamba mkewe alikuwa amejua siku zote.

Kambi ilikuwa chini ya miti, mabanda ya majani ishirini hivi, na moshi uliokatazwa kupanda. Osuagwu alikuwa juu ya mchikichi anaangalia barabara.

"Waziri kafika," alisema kutoka juu, akitumia Dee, neno la heshima kwa mwanamume mkubwa. "Tupe habari, Dee Onyekwere. Na iwe nzuri, maana supu yetu ya leo ni maji na imani."

Onyekwere aligonga ogene mara mbili tu, taratibu, kwa sababu ya askari. Watu walisogea. Ugoeze alitoka bandani na Nkem begani. Kichwa cha mtoto kilining'inia. Onyekwere alikohoa, akasema, "Mtukufu amesema leo asubuhi kwamba anatoka nchini kwenda kutafuta amani. Nchi amemwachia msaidizi wake. Hayo ndiyo aliyoyasema."

Kisha Osuagwu akashuka, hatua kwa hatua, kamba ikisugua mti. Alipofika chini hakuifungua kiunoni.

"Nani kakuambia hayo?"

"Sauti nimeisikia mwenyewe. Maneno kanipa Mwalimu."

"Mwalimu kachoka. Betri nazo zimechoka. Umesikia propaganda za Nigeria."

"Alikuwa yeye."

"Hawezi kuwa yeye." Osuagwu hakupandisha sauti. Aliongea kama mtu anayemweleza mtoto. "Wewe mwenyewe ulitutangazia. Mtukufu alisema asiondoke mtu. Watoto wangu wapo ardhini kwa neno hilo. Mtu hasemi neno kama hilo kisha akapanda ndege. Kwa hiyo si yeye. Tutakaa hapa mpaka aseme mwenyewe."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Bibi mmoja alisema, "Kweli, Dee, mtu hawezi." Walianza kurudi kwenye mabanda. Ugoeze alibaki amesimama, akimtazama baba yake, mkono wake ukiwa chini ya mguu uliovimba wa mtoto ili usining'inie.

Onyekwere aliona kwamba angeweza kugonga tena. Angeweza kusema Mtukufu anawataka waende kwa wamisheni wakachukue maziwa. Wangekwenda. Ilikuwa rahisi, na Nkem angekunywa kabla jua halijazama. Mkono wenye kijiti ulishanyanyuka.

Akainama, akaiweka ogene chini, kinywa kikiangalia ardhi. Akaweka kijiti kando yake. Waliokuwa wakiondoka walisikia chuma kikigusa majani makavu, wakageuka, maana si jambo walilolizoea.

"Sasa nasema ya kwangu," alisema. Alikohoa, na kikohozi hakikumsaidia. "Septemba ile, Mtukufu hakusema asiondoke mtu. Alisema jeshi limesimama na watu watulie. Yale ya kutoondoka niliyaongeza mimi. Niliyasema nikiwa nimeshika ogene. Mwalimu anajua. Mtukufu hakuwahi kuwaambia mkae. Ni mimi."

Osuagwu alikuwa ameishika kamba yake kwa mikono miwili.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliona mnaondoka wote."

"Tulikuwa tunaondoka, ndiyo."

"Sikutaka mwondoke. Sina jibu jingine. Nimelitafuta."

Osuagwu aliitazama ogene pale chini. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa wa mtu anayehesabu jambo upya tangu mwanzo, na kila akifika mwisho anakuta jibu jingine.

"Na haya ya leo?" alisema. "Ni yake au ni yako?"

"Ya kuondoka ni yake. Ya kwangu ni haya: vita vimekwisha, mtoto huyu atakufa hapa, kwa wamisheni kuna maziwa ya siku chache. Nawaomba mtoke. Sijui askari watafanya nini. Hakuna aliyenituma."

Osuagwu alifungua kamba kiunoni. Aliikunja polepole, duara juu ya duara, kama alivyofanya kila siku maisha yake yote baada ya kazi. Kisha akaenda kwa Ugoeze, akamchukua Nkem begani kwake.

"Fungeni mizigo," aliwaambia watu. "Wenye watoto watangulie." Alipompita Onyekwere hakumtazama. "Wewe tembea nyuma," alisema.

Onyekwere alitembea nyuma. Ogene aliiacha pale ilipo. Hakuona kama ana haki ya kuiokota.

Walifika kwa wamisheni alasiri. Jumanne askari waliingia Umuoshi, wakauliza waasi wako wapi, wakachukua redio ya Mwalimu na baiskeli mbili, wakaendelea na safari. Mwalimu alisema redio hawatafaidi, betri zinataka malezi. Nkem alikaa kituoni wiki tano. Wiki ya tatu alilia kwa sababu mtoto mwingine kamnyang'anya mfupa wa samaki, na Ihuoma, aliyekuwa amekwenda kumtazama, alirudi akimwigizia kila mtu kilio hicho. Mume wa Ugoeze alirudi mwezi wa Machi, kwa miguu, akiwa na suruali ya mtu mwingine.

Kuhusu Mtukufu watu walikuwa na maneno tofauti. Wengine walisema alikimbia, wengine walisema aliondoka ili mauaji yakome. Onyekwere akiulizwa alisema hajui, alisikia tu kwamba ameondoka. Alilima. Asubuhi watu wa Umuoshi waliamka bila mbiu, na wakikosana kuhusu siku ya kufyeka njia, walikosana hivyohivyo. Osuagwu hakuja kwake, wala hakupita mbele ya nyumba yake. Alizunguka kwa nyuma ya shule, ambako ni mbali zaidi.

Mwishoni mwa Aprili, jioni, Onyekwere alikuwa anamenya magimbi alipoona kivuli uani. Osuagwu alikuwa amesimama na kitu kimefungwa kwa jani la mgomba. Ihuoma aliingia ndani bila kuambiwa.

Osuagwu alilifungua jani. Ogene ilikuwa imepata kutu upande mmoja, na udongo mkavu ulikuwa umeganda kinywani. Aliiweka chini, kinywa kikiangalia ardhi, akasimama na mikono mitupu.

"La kwangu ni hili," alisema. "Sijakusamehe. Nimejaribu, nikaona bado. Huenda msamaha usije kabisa."

"Nimesikia."

Kisha akainama, akaiokota, akamnyooshea. Onyekwere hakuipokea mara moja, ikabidi Osuagwu aisogeze karibu zaidi.

"Baraza la kijiji limenituma," Osuagwu alisema. "Shule inafunguliwa Jumatatu. Kila mtoto aje na kigoda chake, maana madawati yalichomwa kuni. Ukawaambie watu kesho."

"Shule Jumatatu. Kila mtoto na kigoda chake."

"Hayo tu."

"Hayo tu," Onyekwere alisema.

Alfajiri alitoka. Njia panda ya kwanza alisimama, akagonga, akakohoa. Ndani ya nyumba moja mtoto alikiiga kikohozi, na mtu akamnyamazisha. Onyekwere alisema shule inafunguliwa Jumatatu na kila mtoto aje na kigoda chake, akanyamaza, akaenda njia panda ya pili.